Kumbukumbu, Ghala na Kiini: Istilahi za Kuchagulia Kompyuta ya Kuhakiki Ramani za Chipu

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Amri hiyo ilizitia kompyuta na televisheni katika kapu moja, nayo haikutokana na chuki dhidi ya mitambo. Miaka michache kabla ya hapo Hazina ilikuwa imehamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta, na hesabu hizo zikavurugika kwa hasara kubwa. Walioandika habari hiyo baadaye wametaja sababu kadhaa: uhaba wa wataalamu wenyeji, kutegemea mno ushauri wa wageni, na maandalizi yasiyotosha. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Lakini kisa chenyewe chafaa kukumbukwa na kila mtu ambaye kazi yake ni maneno, kwa sababu mnunuzi asiyeielewa lugha ya mtambo hana njia ya kumhoji muuzaji.

Siku hizi haja ya kuelewana imezidi. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria za nchi, na nyaraka ambazo zamani zilikaa katika Kiingereza peke yake zinamfikia mfasiri moja baada ya nyingine. Miongoni mwake zimo zabuni za ununuzi wa kompyuta. Mfasiri akikosea zabuni ya madawati, dawati litakuja refu au fupi, na mwalimu ataliona siku ile ile linaposhushwa garini. Akikosea zabuni ya kompyuta, kosa hujificha ndani ya kasha lililofungwa vizuri, na huenda lisionekane mpaka kazi ikwame na muda wa dhamana umekwisha.

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache za uteuzi wa kompyuta kwa kutazama kazi moja tu, tena ngumu: kuhakiki ramani za chipu. Huenda msomaji akauliza, habari hii yatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, mjini Nyeri nchini Kenya, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo kampuni iitwayo Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na utengenezaji wa vipande hivyo. Na mwezi Mei 2024 Kenya na Marekani zilitangaza nia ya kushirikiana katika tasnia hiyo. Pili, kanuni za kuchorea chipu, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa siri za viwanda, zimeanza kutolewa bure. Mwaka 2020 kampuni ya Google pamoja na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walitoa hadharani kanuni za nanomita 130, zijulikanazo kwa jina la SKY130. Mwaka 2022 zikafuata za GlobalFoundries za nanomita 180, na taasisi ya IHP ya Ujerumani nayo imetoa zake. Kwa hiyo kijana aliyeko Kagoma, katika eneo la Bukoba na Muleba, aweza leo kuchora chipu kwa kanuni zile zile anazotumia mhandisi wa Minnesota, ilimradi awe na kompyuta inayofaa.

Basi na tuuchukue mfano huo. Tuseme shule ya ufundi ya upande wa Kagoma imepata fedha za kununua kompyuta moja kwa ajili ya kazi hii, na ofisa wa wilaya ametakiwa kuandika sifa za mtambo huo kwa Kiswahili. Shule ni ya kubuni. Maswali yatakayomkabili ofisa huyo ni ya kweli.

Neno la kwanza kumtatiza litakuwa chipu lenyewe. Wako wanaoandika "chipsi" kwa kudhani kuwa huo ndio wingi wake. Chipsi ni viazi vya kukaanga, na jambo hilo halihitaji kikao cha istilahi. Chipu ibaki chipu katika umoja na wingi, kama kalamu na taa: chipu hii, chipu hizi.

Ramani na mchoro

Chipu ni kipande chembamba cha silikoni ambacho juu yake zimeundwa transista na nyaya ndogo mno za kuziunganisha, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka huchapwa kwa mwanga kupitia bamba lenye umbo linalotakiwa. Wafasiri wengine wameliita bamba hilo "barakoa", kwa kufuata neno la Kiingereza bila kutazama kazi ya kitu chenyewe. Barakoa hufunika uso. Bamba hili hutoa umbo ili umbo lirudiwe. Fundi cherehani na seremala wanalo neno la kitu hicho tangu zamani, nalo ni kiolezo. Kwa maoni yangu hilo ndilo lifaalo.

Kabla kiolezo hakijatengenezwa huwapo michoro ya aina mbili, na hapa ndipo tafsiri nyingi huharibika, maana zote mbili huitwa "mchoro" au "mpangilio" bila kujali. Mchoro wa kwanza huonyesha kipi kimeunganishwa na kipi: transista hii na ile, waya huu na ule, bila kusema kitu kikae wapi wala kiwe na upana gani. Wa pili huonyesha mahali na vipimo vya kila kitu juu ya silikoni. Fundi wa nyumba hasumbuki kutofautisha mambo haya. Akitaka kujua ukuta upite wapi na mlango uwe na upana gani huomba ramani ya nyumba. Kwa sababu hiyo napendekeza ule wa kwanza uitwe mchoro wa saketi, na wa pili ramani ya chipu. Maneno hayo mawili yakitenganishwa tangu mwanzo, nusu ya ugumu wa somo hili huondoka.

Sasa ramani huhakikiwaje? Mkulima wa Kagera anajua kwamba mgomba haupandwi popote. Mabwana shamba hushauri nafasi ya takriban mita 3 kati ya shina na shina, na kibanja kilichosongamana huzaa mikungu midogo. Ramani ya chipu nayo ina masharti ya namna hiyo, isipokuwa ni mamia kwa mamia: waya usiwe mwembamba kuliko kipimo fulani, nyaya mbili zisikaribiane kupita kiasi, tundu la kuunganisha tabaka mbili lifunikwe pande zote na chuma. Katika kanuni za SKY130, kwa mfano, waya wa tabaka la kwanza la metali hauruhusiwi kuwa na upana wa chini ya nanomita 140, wala kuwa karibu na mwenzake kwa chini ya nanomita 140. Kuyapima haya yote ni kazi tunayoweza kuiita ukaguzi wa kanuni za vipimo.

Kazi ya pili ni ulinganishaji wa ramani na mchoro. Programu huisoma ramani, ikatambua transista na nyaya zilizomo, kisha ikalinganisha orodha hiyo na ile ya mchoro wa saketi. Ramani yaweza kutimiza kanuni zote za vipimo na bado ikawa si ya saketi iliyokusudiwa, kama vile nyumba yaweza kujengwa imara lakini jiko likawekwa mahali pa chumba cha kulala.

Kazi hizi mbili kwa pamoja niliziita uhakiki, na neno hilo lahitaji kutetewa, kwa sababu wanafasihi wanalitumia kwa maana ya kuchambua maandishi, na wafasiri wengine wangependa "uthibitishaji". Watumishi wa umma hawatakuwa na shaka. Wote wanakumbuka uhakiki wa vyeti: mtu huja na cheti chake, nacho hulinganishwa na kumbukumbu ya baraza la mitihani, jina kwa jina na namba kwa namba. Hicho hasa ndicho kinachofanywa na programu hizi. Uthibitishaji ni jambo jingine: ni kuonyesha kwamba kitu, kikisha kutengenezwa, kinatimiza haja ya mtumiaji. Chipu yaweza kuhakikiwa bila dosari na baadaye isithibitike, kwa kuwa aliyeibuni alikosea tangu mawazo yake ya kwanza.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa macho. Chipu ya Intel 4004 iliyotoka mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 tu, za vipimo vya mikroni 10, na ramani yake ilikatwa kwa mkono katika karatasi ya plastiki nyekundu na kukaguliwa na watu walioiinamia mezani. Chipu ya M1 ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 2020, ina transista bilioni 16. Hata kama mtu angeweza kukagua transista moja kila sekunde bila kula wala kulala, ingemchukua zaidi ya miaka 500. Kosa moja likipita, violezo hutupwa na vingine hutengenezwa, na kwa chipu za kisasa gharama yake huhesabiwa kwa mamilioni ya dola. Kwa shule yetu ya Kagoma hasara haitakuwa ya mamilioni, lakini chipu ikitumwa kiwandani yaweza kuchukua miezi mingi kabla ya kurudi, na mwanafunzi aliyeichora huenda amekwisha kuhitimu.

Kumbukumbu si ghala

Maunzi ni neno lililokwisha kukubalika kwa vifaa vya kompyuta vinavyoshikika, na ni neno zuri, maana lina undugu na kuunda. Katika uteuzi wa maunzi ya kuhakikia ramani, jambo la kwanza kutazama ni kumbukumbu. Hapo hapo ndipo Kiswahili chetu cha zabuni kina tundu kubwa.

Tazama sentensi hii, ambayo mfano wake si mgumu kuupata: "Kompyuta iwe na kumbukumbu ya gigabaiti 512." Ofisa aliyeiandika huenda alifikiria mahali pa kuweka mafaili. Mhandisi aliyemwagiza huenda alifikiria mahali ambapo programu hufanyia kazi. Muuzaji ataisoma kwa namna inayompunguzia gharama, naye ataleta mtambo wenye diski ya gigabaiti 512 na mahali pa kufanyia kazi pa gigabaiti 8. Mkataba hautamshika, kwa kuwa neno "kumbukumbu" limebeba vitu viwili ambavyo bei zake kwa gigabaiti moja zimetofautiana kwa mara nyingi.

Tofauti ya vitu hivyo yaweza kuelezwa kwa kahawa. Mkulima anayeanika kahawa yake ya maganda ana mahali pawili. Pana jamvi lililotandazwa juani, ambapo kahawa hugeuzwa na kuchambuliwa. Na pana ghala, ambamo magunia hukaa hadi siku ya kupelekwa chamani. Jamvi ni dogo na kila punje iliyo juu yake hufikiwa kwa mkono mara moja. Ghala ni kubwa, lakini ili uchambue kilichomo sharti ukitoe nje. Tena mvua ikinyesha, kilichoachwa jamvini huharibika, na kilichomo ghalani husalimika. Kompyuta nayo iko hivyo hivyo. Inapozimwa, kilichokuwa katika kumbukumbu hupotea. Kilichomo katika diski hubaki.

Kwa hiyo napendekeza neno kumbukumbu litumike kwa jamvi peke yake, na diski na jamaa zake ziitwe ghala. Najua kwamba wengi wamezoea "hifadhi", nami sina ugomvi mkubwa nalo. Lakini mwambie mtu wa Muleba kwamba hifadhi imejaa, kwanza atafikiria Burigi-Chato, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, na wanyama wake. Ghala halina utata huo.

Kwa nini kumbukumbu itangulie? Kwa sababu programu ya uhakiki huipakia ramani, au sehemu kubwa yake, katika kumbukumbu, kisha huzalisha maumbo mengine mengi ya muda katika kupima: hupanua maumbo, huyapunguza, huyakatiza. Faili lisilo kubwa ghalani laweza kuhitaji nafasi mara nyingi zaidi likitandazwa. Nafasi ikiisha, mfumo wa uendeshaji huanza kuazima ghala na kulifanya jamvi, na hapo kasi huanguka. Kufikia kitu katika kumbukumbu huchukua takriban nanosekunde 100. Kukifikia katika ghala la chipu huchukua takriban mikrosekunde 100, na katika diski ya kuzunguka takriban milisekunde 10. Tarakimu hizo ni ndogo mno kwa akili ya mwanadamu, basi tuzikuze: kama kufika jamvini kungechukua dakika 1, kufika katika ghala la chipu kungechukua saa 16 na dakika 40, na kufika katika diski ya kuzunguka kungechukua zaidi ya siku 69. Kazi iliyotazamiwa kwisha usiku mmoja haitakwisha wiki hiyo.

Kiasi gani basi kinatosha? Hutegemea ukubwa wa ramani, na pia hutegemea kama programu inaisoma ramani kwa ngazi au kwa kuitandaza. Ramani nyingi zina sehemu zinazojirudia, kama vyumba vya shule vilivyojengwa kwa kipimo kimoja. Programu inayosoma kwa ngazi hukikagua chumba kimoja, ikakumbuka kwamba viko elfu moja vya namna ile, kisha ikatazama mahali vinapopakana. Inayotandaza hukagua vyote elfu moja. Miradi ya kujifunzia iliyofanywa kwa SKY130 ilipewa eneo la milimita 2.92 kwa 3.52, yaani kama milimita 10 za mraba, na kwa kazi ya kiasi hicho kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 32 kwa kawaida hutosha. Viwanda vikubwa vinavyohakiki chipu za simu na za seva huhitaji mamia ya gigabaiti katika mtambo mmoja, na mara nyingi mitambo mingi kwa pamoja. Shule ya Kagoma isishawishiwe kununua ya pili kwa haja ya kwanza. Jambo la busara zaidi ni kudai nafasi tupu za kuongezea kumbukumbu baadaye, na kuepuka mitambo ambayo kumbukumbu yake imechomewa kwenye bodi isiongezeke kamwe. Sharti hilo huandikwa kwa mstari mmoja tu, nalo husahauliwa mara kwa mara.

Ipo pia kumbukumbu inayojisahihisha. Katika kazi ya saa nyingi biti moja yaweza kugeuka yenyewe, kwa mnururisho utokao angani au kwa hitilafu ya umeme. Kumbukumbu ya kawaida haitasema neno. Inayojisahihisha hutambua kosa na kulirekebisha. Ni ghali zaidi na huhitaji bodi na kichakataji kinachoikubali. Kwa mtu anayetuma ramani kiwandani kwa fedha nyingi, haina mbadala. Kwa darasa la kujifunzia yaweza kusubiri.

Viini vingi au viini vya kasi

Kichakataji ni neno lililojengwa vizuri. Kitenzi kuchakata tumekizoea katika mkonge na katika samaki wa Ziwa Viktoria, na kukihamishia kwenye taarifa kumefanyika bila maumivu. Ndani ya kichakataji kimoja siku hizi mna sehemu kadhaa zinazoweza kufanya kazi kila moja peke yake, nazo zimeitwa viini. Wauzaji hupenda kutaja idadi ya viini, kwa kuwa idadi huvutia macho. Kipimo cha pili ni mapigo, yaani mara ngapi kwa sekunde kiini hupiga hatua. Gigahezi 4 ni mapigo bilioni 4 kwa sekunde. Katika zabuni nyingi haya yote hufunikwa na neno moja, "kasi", ambalo peke yake halina maana ya kupimika.

Lipi ni bora, viini vingi au viini vichache vya kasi? Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1967, na hesabu yake yaweza kufanywa ubaoni na mwanafunzi wa sekondari. Tuseme kazi ya uhakiki huchukua saa 12 kwa kiini kimoja, na katika hizo saa 3 ni za sehemu isiyogawanyika, mfano kusoma faili na kuunganisha matokeo. Saa 9 zilizobaki zaweza kugawanywa. Tukiweka viini 9, sehemu hiyo itakwisha kwa saa 1, na kazi nzima kwa saa 4. Tukiongeza viini kuwa 18, kazi itakwisha kwa saa 3 na nusu. Tumelipia viini mara mbili ili kuokoa nusu saa. Hata tukiweka viini elfu moja, saa 3 hazitapungua. Kinachoweza kuzipunguza ni kiini kimoja chenye kasi zaidi.

Kwa hiyo jibu hutegemea programu itakayotumika, na ofisa sharti aijue kabla ya kuandika sifa za mtambo. Magic, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California huko Berkeley katika miaka ya 1980, ni programu ya bure na hutumiwa sana na wanafunzi. Kazi yake kwa sehemu kubwa hupita katika kiini kimoja, na hivyo viini 32 kwake ni mapambo. KLayout, ambayo nayo ni ya bure, yaweza kuikata ramani vipande na kuvigawa kwa viini kadhaa. Programu za kibiashara, kama Calibre ya kampuni ya Siemens, zimeundwa kugawa kazi kwa viini vingi na hata kwa mitambo mingi, lakini leseni zake hulipiwa, na kwa kawaida kadiri viini vinavyotumika vinavyozidi ndivyo leseni zinavyozidi. Bei ya leseni yaweza kuizidi mbali bei ya mtambo. Katika hali hiyo mnunuzi mwenye hesabu huchagua viini vichache vyenye kasi kubwa, ingawa kila kimoja ni ghali zaidi, kwa kuwa anachookoa kiko katika leseni.

Kadi ya picha isitukalishe. Ramani ya chipu ni maumbo bapa ya rangi, na kadi ya kawaida huyaonyesha vyema. Programu nyingi za uhakiki hazitumii kadi hiyo katika kupima. Fedha ya kadi kubwa ya picha ingefaa zaidi kwenye kumbukumbu, na kidogo kwenye skrini pana, kwa maana macho ya mwanafunzi ndiyo yatakayotafuta kosa mahali programu ilipoonyesha. Mfumo wa uendeshaji uwe Linux. Programu za bure huzoea kutengenezwa humo, na za kibiashara hukubaliwa na wauzaji wake kwa matoleo maalumu tu ya mfumo huo, hivyo toleo liandikwe kwa namba yake.

Umeme

Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, kwa kuwa haukuwa umeunganishwa na gridi ya Taifa. Baadaye kituo cha maporomoko ya Rusumo, chenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, kimeongeza nguvu katika ukanda huo. Hata hivyo Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo na radi nyingi zaidi, na umeme wa vijijini hukatika palipo na mitambo mizuri na mibaya vilevile. Kazi ya uhakiki ya saa 20 ikikatwa katika saa ya 19 mara nyingi huanza upya. Kwa sababu hiyo betri ya akiba, inayoshika kazi umeme unapokatika, pamoja na kinga ya radi na waya wa ardhini ulio mzuri, vihesabiwe kuwa sehemu ya mtambo wenyewe na viandikwe katika zabuni ile ile. Vikiachwa kwa bajeti ya mwaka ujao havitanunuliwa.

Hali ya hewa, kwa upande wake, inaisaidia Kagoma. Mtambo unaofanya kazi usiku kucha hutoa joto, na chumba cha Dar es Salaam huhitaji kipoza hewa ambacho nacho hula umeme. Nyanda za Bukoba na Muleba, zilizo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, zina ubaridi wa kutosha kiasi kwamba dirisha lenye wavu wa mbu na feni nzuri vyaweza kumaliza haja hiyo.

Baada ya hayo ofisa wetu anaweza kuandika: "Kompyuta iwe na kumbukumbu inayofanyiwa kazi ya gigabaiti 32, inayoweza kuongezwa hadi 128, ghala la chipu la ndani la terabaiti 1, kichakataji chenye viini visivyopungua 8, na kila kiini kiweze kufikia gigahezi 4." Maneno "inayofanyiwa kazi" ni ya tahadhari tu, mpaka hapo matumizi ya kumbukumbu na ghala yatakapokuwa yamezoeleka. Naona ni afadhali sentensi ndefu kidogo kuliko mkataba wenye mlango wazi.

Yako maneno ambayo bado hayajapata makao. Lile tundu lililojazwa metali ili kuunganisha waya wa tabaka la chini na wa tabaka la juu, wengine wameliita "tundu", lakini tundu ni tupu na hili limejaa. Wengine "kiungo", lakini kiungo kwaweza kuwa mahali popote vitu viwili vinapokutana, tena hutukumbusha mchuzi. Orodha ya viunganisho inayotolewa kutoka katika mchoro wa saketi nayo haina jina linalotosheleza. Katika kutafuta, si lazima twende mbali. Sarufi yetu iliazima neno ngeli kutoka Kihaya, na leo hakuna mwalimu wa Kiswahili anayeweza kufundisha wiki moja bila kulitamka. Huko Kemondo, kandokando ya ziwa, watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita katika tanuri zenye joto kali, kama walivyoandika Peter Schmidt na Donald Avery katika jarida la Science mwaka 1978, na wazee wa Kihaya walioonyesha kazi hiyo upya walikuwa na jina la kila mrija na kila sehemu ya tanuri. Wasomaji walioko Kagoma, Kemondo na kwingineko mkoani humo, wanaojua msamiati wa uhunzi au wa ujenzi wa msonge, pale fito moja inapopita kati ya tabaka mbili za nyasi na kuzifunga pamoja, wanaombwa kuleta maneno hayo pamoja na maelezo ya matumizi yake, ili yafikiriwe kwa ajili ya tundu hilo lililojaa.